Raha Mustarehe Iliyopigwa Marufuku

Katika filamu ya Morocco, iliyotolewa Marekani mwaka 1930 na mwongozaji Josef von Sternberg, mwimbaji wa kike aliyeigizwa na Marlene Dietrich anatokea mbele ya mkahawa uliojaa askari na matajiri, amevaa suti nyeusi ya kiume na kofia ndefu ya hariri, sigara mkononi na madaha tele. Akiisha kuimba anasimama mbele ya bibi mmoja aliyeketi na rafiki zake, anaomba ua lililochomekwa katika nywele zake, analinusa, kisha anainama na kumbusu mdomoni bibi yule, ambaye anajificha uso kwa haya huku ukumbi mzima ukiangua kicheko na kupiga makofi. Ua lile halidumu mkononi mwake. Mara analitupa kwa askari aliyeigizwa na Gary Cooper, na hadithi inashika njia yake ya kawaida ya mwanamke na mwanamume. Lakini dakika ile ilikwisha kupita, na ndani yake kicheko kinastahili kuangaliwa kuliko hata busu lenyewe, kwa kuwa hadhira ile ya mkahawani haikulaani wala haikufadhaika. Ilicheka kwa bashasha, kama watu wanavyocheka wanapoyaona mapenzi yakifanya utundu wake.

Tangu kicheko hicho hadi kichekesho kizima cha mahaba ya wanawake wawili kilipotamba katika majumba ya kawaida ya senema ya Marekani ilipita miaka zaidi ya 60. Aina ya filamu ninayoizungumzia inajulikana na kila mtu kwa umbo lake, hata asiyejua jina lake: wawili wanakutana kwa sadfa, mmoja ana mchumba au mwingine ana kiburi, marafiki wanaingilia kati kwa hila zao, panatokea uongo mdogo unaozaa uongo mkubwa, wanagombana, wanaachana, na mwisho, aghalabu mbele ya kadamnasi, mmoja anapiga moyo konde na kusema lililomkaa rohoni, ndipo wakaishi raha mustarehe kama zinavyokwisha ngano za bibi zetu. Ni sanaa nyepesi, na wenye kuitunga hawadai kwamba ni nzito. Lakini mtu akiifuatia tarikhi yake kwa upande wa wanawake wapendanao ataona jambo la ajabu: watunga kanuni, wakaguzi na wafanyabiashara wa hadithi waliweza mara kwa mara kuyavumilia mapenzi hayo yalipoishia kaburini au katika hospitali ya wendawazimu, na walichoshindwa kukivumilia hasa ni ule mwisho wa raha mustarehe.

Kanuni ya machozi

Mwaka ule ule wa 1930 wakubwa wa studio za Hollywood, kwa kuchelea lawama za makanisa na kwa kuogopa wasije wakawekewa wakaguzi na serikali, walitunga kanuni ya maadili ya filamu, ambayo watu waliizoea kwa jina la Will Hays, mkuu wa chama chao. Kwa miaka minne kanuni ile ilikuwa maandishi tu. Lakini kuanzia 1934, ilipowekwa ofisi maalumu chini ya Joseph Breen, na ikawa kila filamu sharti ipate cheti cha ofisi hiyo kabla ya kuonyeshwa katika majumba yaliyomilikiwa na studio kubwa, ilipata nguvu za sheria bila ya kuwa sheria. Miongoni mwa mambo iliyoyakataza katakata ni kuonyesha, au hata kuashiria kwa mbali, kile ilichokiita upotovu wa kijinsia, na chini ya jina hilo yaliingizwa mapenzi yote ya mwanamke kwa mwanamke, yawe ya kilio au ya kicheko.

Namna ilivyofanya kazi inaonekana vizuri katika mkasa wa tamthilia ya Lillian Hellman, The Children's Hour, iliyoonyeshwa New York mwaka 1934. Tamthilia hiyo inasimulia habari za walimu wawili wa kike wenye shule yao, wanaosingiziwa na mwanafunzi mwovu kwamba ni wapenzi, na mmoja wao akagundua, wakati shule imekwisha kuanguka na majina yao yameharibika, kwamba uzushi ule ulimgusa mahali pa kweli. Mtayarishaji Samuel Goldwyn aliinunua, lakini hakuruhusiwa kuyatumia maudhui yake wala hata jina lake. Ikabidi Bibi Hellman mwenyewe aiandike upya, uzushi ukawa ni wa mwalimu mmoja kumtamani mchumba wa mwenziwe, na mwaka 1936 ikatoka kwa jina la These Three chini ya uongozi wa William Wyler. Mwaka 1961, kanuni ilipolegezwa, Wyler huyo huyo aliirudia hadithi kwa jina lake la asili, akawapa Audrey Hepburn na Shirley MacLaine nafasi za walimu wale wawili, na Miriam Hopkins, aliyekuwa mwalimu Martha katika filamu ya kwanza, safari hii akawa shangazi yake. Ukweli ukasemwa, lakini ulisemwa kwa bei yake: Martha, akiisha kumkiri mwenziwe mapenzi yake kwa kilio cha kujichukia, anajinyonga.

Katika vitabu mambo yalikwenda vivyo hivyo, na huko sababu zake zinaonekana waziwazi zaidi, kwa kuwa zilikuwa sababu za biashara na posta. Mwaka 1952 Marijane Meaker, akitumia jina la kupanga la Vin Packer, alitoa riwaya ya bei rahisi iitwayo Spring Fire, inayohusu wasichana wawili wa chuo, na mhariri wake alimpa sharti lililoeleweka: vitabu husafirishwa kwa posta, wakaguzi wa posta hufungua masanduku, na wakikuta humo kitabu kinachowaacha wapenzi wa namna ile katika furaha, basi shehena yote yaweza kuzuiwa. Kwa hiyo msichana mmoja akatiwa wazimu, mwingine akatambua kwamba hakuwahi kumpenda, na kitabu kikauzwa nakala zaidi ya milioni moja. Katika mwaka huo huo Patricia Highsmith, naye akijificha nyuma ya jina la Claire Morgan, alichapa The Price of Salt, riwaya ya msichana muuza duka na bibi wa kitajiri aliyekuja kununua zawadi ya Krismasi, na katika ukurasa wa mwisho akawaacha wote wawili wazima, wenye akili zao, na wenye tumaini la kukaa pamoja. Kitendo hicho kilikuwa kigeni kiasi kwamba barua zilimmiminikia kutoka kwa wasomaji waliotaka kumshukuru, wengi wao kwa sababu hawakupata kusoma kisa cha watu kama wao ambacho hakikumalizika kwa msiba. Hata hivyo ilimchukua Bibi Highsmith mpaka 1990 kukiweka kitabu hicho chini ya jina lake halisi, na senema ikangoja mpaka 2015, Todd Haynes alipokitolea filamu iitwayo Carol.

Hapo ndipo unapofahamika ujanja wa kanuni ile ya machozi. Msiba ulikuwa ushuru uliolipwa mlangoni ili hadithi iruhusiwe kupita: msomaji aliburudika kwa kurasa 100 na zaidi, kisha akatulizwa dhamiri kwa kurasa 3 za adhabu. Furaha haikuwa na ushuru wa kulipa, ndiyo maana haikupewa njia.

Hadi kituo kinachofuata

Kanuni ya Hays iliondolewa mwaka 1968, na mahali pake pakashikwa na utaratibu wa kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. Lakini mazoea hayafi siku inapokufa sheria, na wenye mali ya kutengeneza filamu hawakuona sababu ya kuitia katika furaha ambayo haikuwa na soko lililopimwa. Donna Deitch, alipotaka kuigeuza filamu riwaya ya Jane Rule ya mwaka 1964, Desert of the Heart, hakuzitegemea studio kubwa. Alitembeza hisa kwa watu binafsi mpaka fedha zikatimia, na Desert Hearts ikatoka 1985.

Filamu hiyo inatupeleka Reno, katika jimbo la Nevada, mwaka 1959, katika mji uliokuwa ukijaa wageni waliokuja kutafuta talaka, kwani sheria ya jimbo ilimhesabu mtu kuwa mkazi akisha kukaa wiki 6, na mkazi aliweza kuandikiwa talaka yake bila ya mashaka mengi. Miongoni mwa wageni hao yumo Vivian, mwalimu wa fasihi wa chuo kikuu, mwenye nywele zilizobanwa na maneno yaliyopimwa, ambaye anakutana na Cay, msichana anayefanya kazi katika nyumba ya kamari na asiyejua kuficha alipendalo. Mwisho wake wafaa kutazamwa kwa makini: treni inaanza kwenda, Vivian yuko mlangoni mwa behewa, Cay anatembea sambamba naye chini, na Vivian, badala ya kumwomba maisha au ahadi, anamwomba amsindikize hadi kituo kinachofuata tu. Cay anapanda. Kwa msomaji wa leo ni furaha ndogo mno, umbali wa stesheni moja. Kwa watazamaji wa 1985 waliozoea kamba, bastola na hospitali, ilikuwa ni karama.

Kicheko chenyewe kilifika mwaka 1994, tena kikaja kwa mavazi ya kimaskini. Rose Troche na Guinevere Turner walikuwa wapenzi walipoanza kuitengeneza Go Fish mjini Chicago, kwa picha zisizo na rangi, kwa fedha za kuunga na kwa msaada wa marafiki waliokuwa waigizaji leo na wabeba taa kesho. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa sentensi moja: msichana mwenye majivuno aitwaye Max anaunganishwa na rafiki zake na Ely, mwanamke mpole, mpenda chai, mwenye haya na mavazi yasiyopendeza, na Max anasema hamtaki, mpaka anapomtaka. Uhondo wake umo katika vitu vidogo: mashenga wanaolala vichwa pamoja wakijadili hatima ya watu wawili ambao hawakuwaita, simu zinazopigwa kwa visingizio, na usiku ule ambapo Max, akitafuta jinsi ya kusogea karibu, anaona kucha za Ely ni ndefu, anatwaa kikatio, anamshika mkono na kuanza kumkata moja moja, ikawa kazi hiyo ya nyumbani isiyo na fahari yoyote ina mahaba kuliko mashairi. Katika tamasha la Sundance filamu hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Samuel Goldwyn, iliyoanzishwa na mwana wa yule Goldwyn aliyelazimika kuikatakata tamthilia ya Bibi Hellman. Baba alilipia hadithi asiruhusiwe kuisimulia, na miaka 58 baadaye kampuni ya mwanawe ikapata faida kwa kuiuza iliyo wazi kabisa.

Mlango ukaachwa nusu wazi, na wengine wakapita. Mwaka 1995 Maria Maggenti alitoa kisa cha wasichana wawili wa shule, mmoja Mzungu fukara anayefanya kazi kituo cha petroli, mwingine Mweusi wa nyumba ya kitajiri anayefika hapo na gari lake la fahari, wakabadilishana vitabu na nyimbo mpaka watu wa nyumbani wakagundua. Mwaka uliofuata Cheryl Dunye wa Philadelphia alitoa The Watermelon Woman, ambamo yeye mwenyewe anaigiza msichana Mweusi anayefanya kazi katika duka la kanda za video, anayechekesha na kutaniana na shoga yake wa dukani, huku akitafuta habari za mwigizaji wa kale Mweusi aliyesahauliwa. Na filamu inapomalizika inatuambia kwamba mwigizaji yule hakupata kuwako, ni wa kubuni, kwa maana asiyeachiwa tarikhi hana budi kujitungia. Mwaka 2021 maktaba ya taifa ya Marekani iliingiza filamu hiyo katika hazina ya zile zinazostahili kuhifadhiwa.

Mama mkwe, mjomba na harusi

Kichekesho cha mapenzi hakiendi bila kikwazo. Katika hadithi za zamani vikwazo vilikuwa tele: baba hataki, nasaba hazilingani, koo zina uhasama, posa imekwisha kupokewa kutoka kwa mwingine. Katika nchi za Magharibi, kadiri karne ya 20 ilivyosonga na vijana wakawa wanajiolea wenyewe, vikwazo hivyo viliisha kimoja kimoja, na watunzi wakabaki wakihangaika na simu zisizopokelewa na barua zilizopotea. Kwa wanawake wapendanao, kinyume chake, baba bado alikuwa hataki, mama bado alikuwa akilia, na majirani bado walikuwa na ndimi zao. Jiko lililokuwa limebaki majivu likapata kuni kavu. Ndiyo maana vichekesho bora vya aina hii aghalabu ni vichekesho vya familia, na mtu anayepaswa kuposwa kwa taratibu, kubembelezwa na hatimaye kushindwa, mara nyingi ni mzazi kuliko mpenzi.

Jamie Babbit, katika But I'm a Cheerleader ya 1999, alilichukua jambo hili kwa mzaha mkali. Megan, anayeigizwa na Natasha Lyonne, ni msichana wa shule anayeongoza wenzake kwa nyimbo na miruko ya kuishangilia timu, ana mchumba, anakwenda kanisani, na hajui lolote juu ya nafsi yake. Wazazi na marafiki ndio wanaomkalia kikao, wakitoa ushahidi kwamba hali nyama na kwamba busu la mchumba halimchangamshi, kisha wanampeleka katika kambi ya kunyosha watu. Huko wasichana wanavikwa waridi tupu na kufundishwa kufagia mazulia na kuwabadili watoto nepi, wavulana wanavikwa buluu na kufundishwa kupasua kuni na kutengeneza magari, kila kitu hata maua kina rangi ya plastiki, na mwalimu wa wavulana, anayeigizwa na RuPaul, msanii aliyepata umaarufu kwa kuvaa magauni, ndiye mwenye macho yasiyotulia kuliko wanafunzi wake. Hapo hapo Megan anampata Graham, anayeigizwa na Clea DuVall, yaani dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Wakaguzi waliipa filamu hiyo alama ya watu wazima peke yao mpaka ikapunguzwa, na wahakiki wengi waliibeza. Wasichana waliokuja kuiona baadaye kwenye kanda na santuri ndio walioipa heshima iliyo nayo leo.

Lakini iliyokamilika kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Saving Face ya Alice Wu, iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2004. Bibi Wu alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeacha kazi yake akatunge filamu juu ya Wachina wa New York, na baadhi ya wenye mali waliosoma maandishi yake walitaka wahusika wageuzwe Wazungu; akakataa. Shujaa wake ni Wil, daktari mpasuaji kijana, ambaye kila Ijumaa anavutwa na mama yake hadi ukumbi wa jamaa zao mtaani Flushing akatafutiwe mume miongoni mwa vijana waliosimama ukutani kama bidhaa, naye moyoni anampenda Vivian, mcheza baleti, binti ya mkubwa wake wa kazi. Kisha yanapinduka: mama mwenyewe, mjane wa miaka 48 anayeigizwa na Joan Chen, anaonekana ana mimba, hataki kumtaja mwenye mimba, na baba yake mzee, mwanachuoni anayejali jina la ukoo kuliko uhai, anamfukuza nyumbani asirudi mpaka awe na mume. Anahamia kwa binti yake na masanduku yake, na sasa ni binti anayezunguka kumtafutia mama bwana.

Kuna kipande kifupi katika filamu hiyo chenye ufundi wote wa Bibi Wu. Mama, aliyebaki peke yake mchana kutwa katika nyumba ya binti yake, anaingia duka la kanda za video, anaulizia filamu za Kichina, anaonyeshwa rafu. Anakuta hapo The Last Emperor, The Joy Luck Club, na zinazobaki zote ni za uchi. Hasemi kitu, anasimama, anatazama huku na huku, anafikiri. Mtazamaji anayejua kwamba Joan Chen mwenyewe ndiye aliyeigiza malkia katika The Last Emperor anacheka mara mbili, na anayefikiri anacheka mara ya tatu, kwa kuwa rafu ile imeeleza jinsi jamii nzima inavyoonekana na wageni wake: ama ufalme, ama huzuni za kina mama, ama fedheha. Hadithi ya Wil na Vivian inakuja kuijaza rafu hiyo kitu cha nne.

Na mwenye siri katika kisa hiki si mmoja. Mama anajua habari za binti yake na hataki kujua. Binti ana aibu ya kumshika Vivian mkono njiani. Mama naye ana mpenzi asiyeweza kumtaja. Katika uwanja wa ndege, Vivian akiwa anaondoka kwenda Paris, anamwomba Wil ambusu mbele ya watu, na Wil, anayepasua vifua vya wagonjwa bila kutetemeka, anashindwa. Mwisho tunarudishwa kwenye ukumbi ule ule wa Ijumaa, ambapo mama amewakutanisha Wil na Vivian kwa makusudi, na wawili wale wanabusiana katikati ya ngoma: baadhi ya wazee wanatwaa makoti yao na kuondoka kwa hasira, wengine wanabaki, muziki unaendelea. Bibi Wu hakudai kwamba watu wote wataridhia; alidai tu kwamba ngoma isisimamishwe.

Uingereza ilipata mfano wake katika Imagine Me & You ya Ol Parker, ya mwaka 2005, ambamo bi arusi, akiwa katikati ya kanisa na mkono wa baba yake, anakutana macho na mwanamke muuza maua aliyepamba harusi yenyewe, na huko kwenye karamu pete yake inatumbukia katika bakuli la kinywaji, na muuza maua ndiye anayeitoa. Ni filamu laini mno, hata mume anayeachwa anaachwa kwa huruma. Lakini ilitoka katika majira yale yale sheria ya Uingereza ya kuwaandikisha wenzi wa jinsia moja ilipoanza kutumika, Desemba 2005. India ilipita njia ndefu zaidi. Fire ya Deepa Mehta, ya 1996, juu ya wake wawili wa ndugu katika nyumba moja ya Delhi, ilisababisha majumba ya senema ya Mumbai na Delhi kuvamiwa mwaka 1998. Lakini Februari 2019, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu kukifuta kifungu cha jinai dhidi ya mapenzi hayo kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, ilitoka Ek Ladki Ko Dekha Toh Aisa Laga, filamu ya nyimbo na harusi za Kipanjabi, ambamo Sonam Kapoor anaigiza binti anayempenda mwanamke, na baba yake wa kuzaliwa, Anil Kapoor, anaigiza baba yake wa filamu, mzee mwenye kiwanda cha nguo anayeficha mapenzi yake ya kupika. Wapenzi wa picha za Kihindi katika miji yetu ya pwani wanajua kwamba baba akisha kulia katika filamu ya namna hiyo, mambo yamekwisha kuwa mema.

Ugomvi wa watazamaji

Mwaka 2020 Clea DuVall, yule Graham wa kambini, akiwa sasa mwongozaji, alitoa Happiest Season, kichekesho cha Krismasi chenye waigizaji wakubwa na fedha za studio. Abby, anayeigizwa na Kristen Stewart, anakwenda kwa wazazi wa mpenzi wake Harper akiwa na pete mfukoni, na njiani anaambiwa kwamba wazazi hawajui lolote, na kwamba kwa siku tano za ziara hiyo atajulishwa kama rafiki yatima asiye na pa kwenda. Watazamaji waligawanyika. Wengi walisema kwamba kumficha mtu chumbani si jambo la kuchekea, na kwamba Abby alipaswa kumwacha Harper akamchukue Riley, aliyewahi kuwa mpenzi wa Harper, mwenye busara na maneno machache, aliyeigizwa na Aubrey Plaza.

Lawama hizo zina haki yake, kwani kikwazo cha siri ya familia kimetumiwa mno hata kikachujuka, na mtu hakosei akitamani kuona wapenzi wanaogombana kwa sababu ya wivu, uvivu au vyombo visivyooshwa. Lakini mwenye kuikumbuka kanuni ya machozi ataona jambo lingine ndani ya ugomvi huo. Mwaka 1961 swali la mtazamaji lilikuwa kama mwanamke yule atabaki hai; mwaka 2020 watu walikesha wakibishana ni nani katika wanawake wawili anayefaa zaidi kuolewa. Wabishi hao walikuwa wamefika pale ambapo watazamaji wa vichekesho vingine walikuwa wameketi tangu zamani.

Siku saba za Nairobi

Kwetu Afrika Mashariki kadhia hii ilifika kwa Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, mshindi wa tuzo ya Caine mwaka 2007. Bibi Kahiu ni miongoni mwa wasanii waliochoka na Afrika ya njaa, vita na maradhi peke yake, na kundi lake linajiita Afrobubblegum, likitetea sanaa ya Kiafrika yenye furaha na rangi, isiyo na wajibu wa kutoa somo kila inapofungua kinywa. Rafiki si nyepesi moja kwa moja, kwa kuwa katikati yake kuna kundi la watu wenye hasira na kipigo. Lakini umbo lake ni la kichekesho cha mapenzi, tena la kale kuliko yote: Kena, anayecheza kandanda na wavulana na kumsaidia baba yake dukani, na Ziki, mwenye misuko ya rangi rangi na ndoto za kusafiri, ni mabinti wa wanaume wawili wanaogombea kiti kimoja cha kata. Kuna kibanda cha Mama Atim, ambacho hakuna siri ya mtaa isiyopita hapo pamoja na chai na mandazi; kuna kijana wa bodaboda anayedhani Kena ni wake; kuna gari bovu lililotelekezwa, ambalo wawili hao wamelifanya makao; na kuna mazungumzo yanayoruka baina ya Kiswahili, Kiingereza na Sheng bila kuomba ruhusa. Baada ya mateso yote Ziki anarudi, mkono unagusa bega, uso unageuka, na filamu inakwisha.

Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa hoja kwamba inashabikia mapenzi yanayokatazwa na sheria za nchi, na mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kupata nafasi katika tamasha hilo. Kwa maelezo ya Bibi Kahiu, bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini na haukuonyesha majuto, naye akakataa. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliliondoa katazo kwa siku 7, muda uliotosha kuiwezesha filamu kufikiriwa kwa tuzo za Oscar, akisema haamini kwamba jamii ya Wakenya ni dhaifu kiasi cha misingi yake kutikiswa na filamu. Watu walipanga foleni katika senema ya Prestige, Nairobi, tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa. Kamati ya Kenya hatimaye ilipeleka Supa Modo kwenye mashindano hayo ya Marekani, lakini mwaka 2019 Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alitunzwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO huko Ouagadougou.

Sharti la bodi na sharti la mhariri wa Spring Fire yametengwa na miaka 66 na bahari nzima, lakini ni sharti moja: penda upendavyo katika hadithi yako, alimradi mwisho ulie. Msomaji anaweza kuwa na rai yake juu ya mapenzi ya wanawake kwa wanawake, iwe ya dini, ya mila au ya haki za watu, na makala haya hayakuandikwa ili kumnyang'anya. Ila akitaka kujua jamii fulani inayaonaje mapenzi hayo, asizihesabu filamu za msiba, maana msiba hata adui huutazama. Atazame kama humo mwaweza kutengenezwa kichekesho cha kawaida, cha wastani, pengine hata kibovu, chenye mama anayelia, mashenga wasiojua kunyamaza na harusi ya mwisho, kisha watu wakatoka ukumbini wakibishana kama bi arusi alichagua vizuri. Bei ya cheti cha Rafiki ilikuwa dakika chache za majuto, na Bibi Kahiu, ambaye bila shaka alijua hasara ya kufungiwa nyumbani kwao, aliona kwamba mwisho ule ndio uliokuwa filamu yenyewe.